Julai Niliyomvua Mama Koti

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, kwa sababu nisipousema mtausikia kwa Mama Ajiambo, na yule huongeza chumvi mpaka mboga haiwezi kulika. Mimi Wandera, muuza makoti ya mitumba katika soko la Busia, nilimpeleka mama yangu mwenye pumu mpaka Afrika Kusini mwezi wa Julai bila koti. Na koti alikuwa nalo. Zito, la sufu, rangi ya damu ya mzee, vifungo vyote vipo. Nililitoa mimi mwenyewe kwenye mzigo wake, nikaliuza Malaba.

Sasa mlioniuliza pale sokoni, na nyinyi wa kanisani mliojifanya hamuulizi huku mmetega masikio, someni hapa. Nimechoka kusimulia kila mmoja peke yake, na kila nikisimulia mnacheka mahali ambapo mimi nilikuwa natetemeka.

Mjue kwanza nilivyofikiri, maana kufikiri nilifikiri. Kwa miaka yote niliyofungua mabeli, yale marobota ya mitumba, nimejifunza majira ya ng'ambo kupitia wateja. Anayepanda ndege Desemba huja mbio kutafuta koti. Anayepanda Julai huulizia kaptula. Haijawahi kuwa vinginevyo. Wiki ile ile ya safari, ndugu yangu Barasa aliyeko Hamburg, Ujerumani, alituma picha amevaa fulana, miguu ameizamisha kwenye beseni la maji. Dada yetu Nafula, aliyeko Bloemfontein, yeye alituma sauti: "Mje na nguo nzito, huku ni baridi." Nikacheka. Nafula ni yule ambaye tangu utotoni, wingu likitokea upande wa Bukhayo, yuko ndani ya sweta. Hamburg ni ng'ambo, Bloemfontein ni ng'ambo. Moja itakuwaje moto na nyingine barafu, mwezi mmoja?

Mimi pia si msafiri. Ng'ambo ninayoijua ni ile ya upande wa pili wa mpaka, Uganda, ambako huenda nikarudi kabla chai yangu haijapoa. Na huko joto ni lile lile, mvua ni ile ile.

Kilichonitoa nyumbani ni tumbo la Nafula. Alikuwa amepoteza mimba mbili huko ugenini, peke yake. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwisho, na mama aliapa kwamba mtoto huyu atapokewa na mikono yake. Barasa akalipa tikiti. Mama hawezi kusafiri peke yake kwa sababu ya kifua. Kwa hiyo ikabidi mtu wa nyumbani atoke nyumbani.

Busia hadi Malaba

Tungeweza kupandia basi Busia kama watu wenye akili. Lakini nilikuwa na gunia la makoti yaliyokaa muda mrefu bila mnunuzi, na Malaba kuna foleni ya malori ambayo ni soko lenyewe. Dereva anayetoka Kampala akiwaza baridi ya kilima cha Timboroa hununua koti bila maneno mengi. Nikamwambia mama, "Tutapitia Malaba, niuze haya, kisha tupande basi la kutoka Kampala."

Mama alikuwa na mizigo yake: ufuta uliosagwa, dagaa wa omena waliokaushwa, na chupa kubwa ya samli ya kumlisha Nafula akishajifungua. Samli ile, jua la mchana lilipoipiga pale Malaba, ilikuwa inatembea ndani ya chupa kama chai. Kumbukeni hilo. Mzigo ulikataa kufungika. Nikapekua, nikakuta koti.

"Mama, hili la nini?"

"La baridi."

"Baridi gani? Huko ni Julai."

"Kwani hapa ni mwezi gani?"

Nilimcheka mama yangu mbele ya madereva. Nikamwonyesha picha ya Barasa na beseni lake. Akaiangalia sana, akasema, "Huyu yuko kwa Nafula?"

"Yuko Ujerumani, lakini huko ng'ambo ni kumoja."

Dereva mmoja akateremka kutoka kwenye lori lake, akaligusa lile koti. "Boss, hili nalo unauza?"

"Si la kuuzwa," mama akasema.

"Mama," nikamwambia, "katika familia hii nani anauza makoti?"

Alininyamazia. Mnamjua mama: akinyamaza hajakubali, anakuwekea. Dereva akamwambia kwa upole, "Mama, mtoto anajua biashara yake." Akalivaa pale pale juani, akaondoka amependeza. Nami nikaweka omena mahali palipokuwa na koti. Gunia tupu la beli, lile jeupe la plastiki, nikalikunja nikalitia chini kabisa ndani ya begi, maana muuza mitumba hatupi gunia.

Basi lilichelewa. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka basi halina pa kupenya. Tulikula rolex, ile chapati ya Waganda iliyoviringishiwa mayai, kisha tukala nyingine kwa hofu. Mama hakuwa na hofu. Hofu ilikuwa yangu: ya basi, ya ndege, ya kulala mahali ambapo sijui mlango uko upande gani. Niliomba moyoni basi liharibike tughairi. Mungu akalisikia ombi lile, akaliweka kando, akalijibu baadaye mahali nisipotaka.

Timboroa

Basi lilipanda kilima jua likizama. Nimeuza makoti ya Timboroa maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kufika Timboroa. Madirisha yalilowa ukungu kwa ndani. Watu wakaanza kutoa mablanketi kwenye mifuko kama waliokubaliana. Sisi tulikuwa na leso.

Ndipo nikausikia. Mwenye mzazi wa pumu anaujua: ule mluzi mwembamba ndani ya kifua, kama birika lililo mbali. Mama alitoa kile kipampu chake cha kuvuta dawa, akavuta mara mbili, akafumba macho.

"Mama, uko sawa?"

"Samli imeganda," akasema.

Nikaiangalia chupa. Ilikuwa imekuwa nyeupe, imetulia, haitembei tena.

"Hii ni baridi ya Kenya," nikamwambia. "Huko tunakoenda ni joto. Vumilia tu mpaka Nairobi."

Nairobi nayo, kama mjuavyo, Julai yake ni ya kununa. Wingu limekaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa, na watu wanatembea mikono kwapani. Hapo ningenunua koti. Nilisimama karibu kabisa na mwanamke aliyekuwa akiyauza kando ya njia. Nikayatazama kwa jicho la kazi: masalio ya beli, na bei ya kutukana. Nikasema siwezi kununua kwa bei hiyo kitu ninachokiuza. Kiburi cha biashara, ndugu zangu. Mluzi wa mama ulikuwa umepungua, nami nikauchukulia kama ruhusa.

Angani

Kuhusu ndege sitasema mengi, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimefumba macho. Mama alikaa dirishani kama aliyezaliwa humo. Mbele yetu kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha safari, na juu yake namba yenye kistari mbele.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Nikasoma. "Ni baridi ya huko nje. Hamsini chini ya sifuri."

"Nje kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi kwa nini wanatuambia?"

Nilishika viti vyote viwili, changu na chake. Kulikuwa na bati kati yetu na hamsini chini ya sifuri, na katika bati hilo watu walikuwa wanakula wali kwa kuku. Mama alikula wake, akala na wangu.

Karibu na kutua, rubani akazungumza. Akasema Johannesburg kuna jua zuri, na joto ni digrii nane. Nikamgeukia mama nikamwambia amekosea, bila shaka alitaka kusema kumi na nane au ishirini na nane. Digrii nane! Friji ya soda pale Malaba, siku umeme ukiwa na nguvu, ndipo hufika nane. Lakini abiria wote wakasimama, wakafungua masanduku ya juu, na kila mkono ukashuka na koti.

Nikazikaza leso za mama mabegani.

Johannesburg

Jua lilikuwepo. Nilitaka kulishtaki. Jua kali, anga la buluu bila doa, na halichomi kitu, kama jua la kwenye kalenda. Upepo ulipita kwenye shati langu la mikono mifupi kana kwamba shati ni habari tu. Kila mtu amevaa. Nami, kwa ujinga wa mazoea, nikaanza kuyapanga yale makoti kwa macho: hili daraja la kwanza, lile la pili, lile la kufagia, la bei ya mwisho. Nilitembea katikati ya mali yangu yote niliyowahi kuuza, na mama yangu kando ana gauni la kitenge, leso mbili na ndara.

"Tununue koti, mama. Sasa hivi. Bei yoyote."

Simu ikalia. Ni shemeji, mumewe Nafula. Uchungu umeanza, wako hospitali, njooni. Basi la kwenda Bloemfontein, pale nje ya uwanja wa ndege, lilikuwa limewasha injini, na la pili lilikuwa la jioni.

"Duka liko pale tu," nikasema. "Nakimbia narudi."

"Wandera." Mama alikuwa tayari ameshika mlango wa basi. "Wawili wamekufa sipo. Panda."

Nikapanda. Nilichopata kununua dirishani ni mandazi ya huko, makubwa kama ngumi, yamejazwa nyama ya kusaga. Mama akauma, akatafuna, akatoa hukumu: "Wamesahau iliki." Nilifurahi kusikia analalamika. Anayelalamika anapumua.

Barabara ya nyasi kavu

Nchi ile kati ya Johannesburg na Bloemfontein ni tambarare mpaka unaogopa. Nyasi zimekauka, njano, hakuna mgomba, hakuna mtu na jembe lake, hakuna kibanda cha kuuza muda wa simu. Sisi wa Busia tumezoea kwamba ukipotea unaita, na mtu anaitika kutoka kwenye mahindi. Pale ungeita mpaka sauti iishe.

Mwanzo basi lilikuwa na hewa ya moto inayotoka chini ya viti, nikaanza kujisamehe. Kisha ile hewa ikawa vuguvugu. Kisha ikawa baridi. Kisha injini ikakohoa kama mzee aliyetaka kusema neno akaghairi, na basi likasimama kando ya barabara. Ombi langu la Malaba lilikuwa limefika.

Dereva akasema basi lingine linakuja, tukae ndani. Na ndipo jua likatufanyia jambo ambalo sijawahi kufanyiwa na jua. Kwetu, saa kumi na moja na nusu jioni ng'ombe bado wako malishoni. Pale, saa ile ile, likaanguka. Halikuzama, lilianguka kama sarafu kwenye kisima. Giza likaja na baridi imeshika mkono wake.

"Jua limetuacha mapema," mama akasema. Mluzi ulikuwa umerudi, na sasa haukuwa mbali.

Barasa akapiga simu kutoka Hamburg, ile ya video. Nikamwona amekaa nje, kifua wazi, jua linamwakia usoni.

"Mmefika?" akauliza. "Huku tunakufa na joto. Digrii thelathini na mbili, hakuna hewa. Mzee wa nyumba ya pili amepelekwa hospitali kwa sababu ya jua."

"Huko ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasoro."

Saa yangu ilisema vivyo hivyo. Saa ile ile, dakika ile ile, ndugu mmoja juani na mwingine gizani. Nikageuza simu nikamwonyesha mama. Barasa akaacha kujipepea.

"Koti lake liko wapi?"

"Niliuza."

"Uliuza! Nafula si alikwambia?"

"Wewe ulikuwa umevaa fulana!"

"Wandera, kwani hukusoma? Dunia imeinama! Sisi tukielekea jua, hao wa kusini wanaligeuzia kisogo! Si ulichora hiyo kitu kidato cha pili?"

Nilichora. Nilichora vizuri sana, kwa penseli za rangi, mpaka mwalimu akaibandika ukutani. Sikujua kwamba ile mishale ilikuwa inamhusu mama yangu.

Simu ikakatika. Mama alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, mabega yamepanda, shingo imekauka. Akavuta kile kipampu. Hakikutoa kitu cha maana, upepo mdogo tu. Akavuta tena. Nikakitikisa, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikakitia kwapani kwangu, nikakibana, nikaomba.

"Nipake samli kifuani," akasema, neno moja, pumzi moja. Nikafungua chupa. Kidole changu kiligonga. Samli ilikuwa ngumu kama mshumaa. Nikaikwangua kwa ufunguo wa nyumba yangu, nikaisugua viganjani, na viganja vyangu havikuwa na joto la kuiyeyusha.

Sikilizeni, mimi ni mwoga wa kawaida, mnanijua. Naogopa ng'ombe wa jirani. Lakini hofu ya pale haikuwa na kelele. Ilikuwa kimya, na ilikuwa inahesabu pumzi za mama pamoja nami.

"Wandera," akanong'ona, "nikifia hapa usinizike kwenye friji hii."

"Hufi, mama."

"Na Nafula asiambiwe mpaka azae."

Hapo nikakumbuka gunia. Nikalivuta kutoka chini ya begi, omena wakamwagika kwenye njia ya basi, watu wakapiga kelele kwa harufu. Nikamvika mama vitenge vyote, na suruali yangu, na taulo, kisha nikamwingiza ndani ya gunia la beli mpaka kifuani, nikamfunga kwa kamba tunavyofunga mzigo. Abiria waligeuka kunitazama. Nafikiri walidhani namwiba.

Mwanamke mmoja wa makamo akainuka kiti cha nyuma. Mnene, mfupi, amejifunika blanketi la sufu lenye michoro, wanavyojifunika watu wa milima ya huko. Alilivua, akaninyooshea.

Na sasa mtacheka, na mcheke. Mikono yangu ni ya soko. Mtu akininyooshea sufu, vidole vinaanza kazi bila kuniuliza. Nikaishika pembe, nikaisugua kati ya kidole na gumba, nikageuza upande wa nyuma kuangalia mshono. Nadhani hata nilitikisa kichwa kuonyesha ni nzuri.

Yule mwanamke akalinyakua. "Siuzi!" akaniambia kwa Kiingereza, macho yamewaka. "Mama yako anakufa, wewe unapima bei?"

"Hapana, mama, sikuwa..."

"Shika mama yako! Acha kushika blanketi!"

Nikashika mama yangu. Yeye akamfunika, akakaa upande wake wa pili, akamvuta kifuani pake kama mtoto. Akaita kwa lugha yake, na wanawake wengine wakaja wakakaa mbele na nyuma, magoti yamegusana, wakatengeneza joto. Mmoja alikuwa na chai kwenye chupa. Mwingine akachukua samli, akaishika pajani chini ya sketi zake mpaka ikalegea, akampaka mama kifua huku akiimba kitu cha chini chini. Kipampu nikakitoa kwapani. Mara hii kilipuliza sawasawa. Mama akavuta, akashikilia, akaachia.

Mluzi ulibaki, lakini pumzi ziliendelea kufuatana. Mimi nilikaa chini kwenye njia ya basi, juu ya omena, nikimshika mguu ndani ya gunia. Kila mguu ulipokuwa kimya nilifinya, na mama alinipiga teke dogo kunijulisha. Ndivyo tulivyosubiri basi la pili. Sitaki kukumbuka tulisubiri kwa muda gani.

Bloemfontein

Nilidhani tutafika kwa Nafula. Tulifika kwa oksijeni. Walimtoa mama kwenye gunia hapo mapokezi, na muuguzi mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, kama haya ni mavazi ya kwetu. Nikasema ndiyo. Mama alinitazama juu ya kile kifuniko cha pua. Ingekuwa ana pumzi, mngesikia kutoka Busia.

Hospitali ilikuwa moja. Nafula alikuwa ghorofa ya juu, mama chini. Ngazi tu kati yao. Shemeji alikuwa anashuka na kupanda, anashuka na kupanda, ananiambia habari za juu, namwambia za chini, na sote tunadanganya kidogo. Juu Nafula aliambiwa mama amechoka na safari. Chini mama alijua kila kitu, kwa sababu alikuwa anausoma uso wangu.

Kulipopambazuka, akaelekeza kidole dirishani. Nyasi za uwanja wa hospitali zilikuwa nyeupe zote.

"Nani amemwaga unga?" akauliza.

"Ni umande, mama. Umeganda."

Aliutazama muda mrefu. Hakunitazama mimi. Bado alikuwa anautazama shemeji aliposhuka ngazi akikimbia, safari hii bila kuzuia machozi. Msichana. Mzima. Analia kwa nguvu. Nafula mzima.

Mama akaondoa kile kifuniko. "Amepokewa na nani?"

Shemeji akasema, "Na wakunga, mama."

"Mikono ya wakunga," mama akasema. Akakirudisha kifuniko puani, akageukia ukuta.

Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana mnamaliza. Siku kadhaa hawakumruhusu kupanda, kwa sababu ya kikohozi chake na uchanga wa mtoto. Alimwona kwenye simu, kisha kwenye kioo cha mlango, akiwa amesimama ndani ya koti jipya ambalo Nafula alikuwa amemnunulia miezi iliyopita, likimsubiri nyumbani kwake. Nafula alilinunua mapema kwa sababu alinijua, ndugu zangu, nalo likasubiri mbali na barabara lilikohitajika.

Alipopona, walimweka mtoto mikononi mwake. Alimwangalia, akamfungua vidole kimoja kimoja. Nami nilisimama mlangoni, naogopa kuingia. Sijui kama mnaelewa hofu hiyo. Ya basi iliisha. Hii naenda nayo sokoni kila asubuhi, nakaa nayo, nauza nayo.

Siku zilizobaki nilikuwa nafungua simu kila asubuhi kuangalia miji mitatu. Bloemfontein, chini ya sifuri. Hamburg, moto, Barasa analalamika. Busia katikati, ile ile, haina habari, mvua kidogo jioni. Zamani nilidhani mji usio na baridi wala joto la kusimuliwa ni mji mshamba. Sasa naona tumekaa mahali pa kati ambapo dunia iinamapo, sisi hatutikisiki, na ndiyo maana hatujui. Chakula cha huko ni ugali mlaini kama uliokata tamaa, lakini nilikula wote.

Tukaanza kujiandaa kurudi. Nilifunga begi langu. Mama hakufunga lake.

"Mama, ndege ni kesho."

"Nenda salama."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi Desemba na Nafula na mtoto. Desemba huku ni joto. Barasa ndiye atakuwa ndani ya koti." Alikuwa amejifunza majira ya dunia nzima kwa mwezi mmoja, kitandani, kwa kifua. Akaongeza, "Nimeshamwambia Nafula akate tikiti zetu wenyewe."

Kurudi Busia

Njia ya kurudi sikuogopa ndege. Niliogopa stendi. Nilijua saa nitakayoshuka Busia nitashuka peke yangu, na nilijua watu wetu: aliyeondoka na mama mgonjwa akirudi peke yake, hakuna anayeuliza anaendeleaje.

Ikawa vile vile. Nilishuka, na wanawake wa ndizi wakaacha kuita wateja. Mzee wa baiskeli akavua kofia. Mpaka nafika sokoni, habari ilikuwa imenitangulia, na mtu alikuwa tayari ameshika kichwa kwa mikono miwili, amefungua mdomo kulia. Mama Ajiambo, jirani yangu anayeuza viatu, aliinuka polepole.

"Yuko hai!" nikapaza sauti, soko zima likasikia. "Mama yuko hai! Amepona, ameshika mjukuu, anakula!"

Mama Ajiambo alikaa chini. Akajipepea kwa kiatu. Akaniacha nieleze yote: koti, Malaba, basi, gunia, blanketi, umande. Wote walikusanyika, wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Nikamaliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Basi nimefunga begi, tikiti iko mkononi, mama amekataa kurudi."

Mama Ajiambo aliweka kiatu chini, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema:

"Hajakataa kurudi, Wandera. Amekataa kurudi na wewe."